Kabaidi ya boroni inayogeuza joto kuwa umeme: anza na hesabu ya kaboni

Wengi wanaijua kabaidi ya boroni kama unga wa kusagia vitu vigumu, au kama bamba linalotiwa ndani ya fulana za kuzuia risasi. Ni nyepesi, gramu 2.52 tu kwa kila sentimita ya ujazo, na haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,400 za Selsiasi. Sifa inayotuhusu hapa ni nyingine. Ukiipasha moto upande mmoja na kuacha wa pili baridi, inatoa volti, na volti hiyo haidhoofu joto linapopanda. Bismathi teluraidi, ambayo ndiyo imejaa kwenye vifaa vidogo vya kupozea, nguvu yake inaishia karibu nyuzi 250. Kabaidi ya boroni inaanza kuwa na maana pale nyingine zinapochoka, juu ya nyuzi 700.

Ubora wake unapimwa kwa namba iitwayo ZT: unachukua mgawo wa Seebeck (S), yaani volti inayotoka kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, unauzidisha kwa wenyewe, mara upitishaji umeme, mara joto kwa kelvini, kisha unagawa kwa upitishaji joto. Kwa mfano, S ikiwa 250 µV/K, upitishaji umeme 5,000 S/m, upitishaji joto 6 W/m·K na joto kelvini 1,000, ZT inakuwa 0.05. Ni namba ndogo. Kinachoweza kuipandisha ni namna unavyoandaa kauri yenyewe, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu nguvu zote zinapelekwa kwenye joto la tanuri wakati tatizo liliingia mapema, kwenye mizani.

Jambo lenyewe ni hili. Jina lake la kikemia, B4C, yaani atomu nne za boroni kwa moja ya kaboni, linadanganya kidogo. Kabaidi ya boroni inakubali kaboni kuanzia karibu asilimia 20 ya atomu zake hadi karibu 9, na bado ni kauri ile ile, umbo la fuwele halibadiliki. Lakini tabia inabadilika sana. Upitishaji umeme unafika kilele kaboni ikiwa karibu asilimia 13, yaani B6.5C. Upitishaji joto nao unashuka kadiri kaboni inavyopungua, kwa kuwa mpangilio wa atomu unavurugika na mitetemo ya joto inapotea njia. Kwa hiyo shabaha ni B6.5C, na adui ni kaboni inayoingia bila kuhesabiwa: iliyo huru ndani ya unga, iliyo kwenye kalibu la grafiti, iliyo kwenye karatasi ya grafiti inayogusa kidonge, yaani unga uliokandamizwa. Mwongozo huu unaifuata kaboni hiyo hatua kwa hatua.

Vifaa, na mahali ulipo

Unahitaji unga wa B4C wenye punje chini ya mikromita 5 na cheti chake cha uchambuzi, boroni amofasi (isiyo na umbo la fuwele), mizani inayosoma gramu 0.001, maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa tena, ethanoli, kinu cha mipira, na mashine ya SPS. Hiyo ni mashine inayokandamiza unga ndani ya kalibu la grafiti huku ikipitisha umeme mkubwa kwenye kalibu hilo. Kama ulipo hakuna SPS, hatua zote za unga unaweza kuzimaliza hapo hapo, kisha ukapeleka unga kuchomwa kwingine ukiwa kwenye chupa iliyojazwa gesi ya argoni na kufungwa kwa utepe. Unga ulioandaliwa vizuri unavumilia safari. Ulioandaliwa vibaya hauponi hata kwenye mashine ya gharama kubwa.

Mwongozo huu unamlenga aliyeko Dodoma, na Dodoma ina mambo yake matatu ambayo miongozo ya kigeni haiyataji. Mji upo karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama kPa 89. Kwa hiyo mita ya ombwe ya mshale, ile inayoanza kwenye sifuri na kushuka, itagota karibu na −0.089 MPa hata pampu ikiwa nzima kabisa. Mafundi wanafungua mashine siku nzima wakitafuta uvujaji ambao haupo, kwa sababu kitabu kimeandika −0.1. Amini mita ya pili, ile ya kielektroniki inayosoma paskali halisi: ikishuka chini ya 10 Pa, endelea na kazi.

La pili ni maji. Maji ya visima ya huku yana chumvi nyingi, na ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai ndio huo huo utakaoziba mirija ya kupozea mashine. Tumia maji yaliyochujwa chumvi kwenye mzunguko wa kupozea, na uzungushe maji yale yale. La tatu ni umeme kukatika kalibu likiwa kwenye nyuzi 1,800. Weka simtanki juu ya mnara na bomba lenye vali inayofunguka yenyewe umeme ukizimika. Mkondo mdogo unaopita ni bora mara nyingi kuliko maji mengi yaliyosimama, maana yaliyosimama yatachemka ndani ya ukuta wa mashine.

Hatua ya kwanza: hesabu

Kwa unga safi kabisa, gramu 10 za mchanganyiko ni gramu 6.72 za B4C na 3.28 za boroni. Usiutumie uwiano huu moja kwa moja. Unga wa dukani karibu wote una grafiti huru, na kila chembe ya grafiti hiyo itakula boroni yako tanurini.

Kanuni ni fupi: kila gramu 1 ya kaboni, iwe ndani ya fuwele au nje yake, inataka gramu 5.85 za boroni ili ifike B6.5C. Tuseme cheti kinaonyesha kaboni yote asilimia 22.5 na boroni asilimia 76.5. (B4C kamili ina kaboni asilimia 21.7 kwa uzito. Ukiona zaidi ya hapo, ujue kuna iliyo huru.) Ndani ya gramu 6.72 za unga huo kuna kaboni gramu 1.512. Zidisha kwa 5.85, unapata gramu 8.85 za boroni zinazotakiwa. Unga wenyewe tayari una gramu 5.14. Zinazobaki kuongezwa ni 3.70, si 3.28. Na kama boroni yako ni ya usafi wa asilimia 95, gawa kwa 0.95: unapima gramu 3.89.

Tofauti kati ya 3.28 na 3.89 inaonekana ndogo mezani. Kwenye kipimo ndiyo inayotenganisha kauri uliyoikusudia na kauri yenye kaboni ya ziada ambayo hutaelewa kwa nini inapitisha joto kupita kiasi.

Hatua ya pili: kuosha boroni

Boroni amofasi ikikaa hewani inavaa ngozi ya oksaidi, B2O3. Oksaidi hii inayeyuka kwenye nyuzi 450, inafunika punje kama asali, na baadaye inageuka mvuke unaoacha matundu ndani ya kidonge. Mbaya zaidi, inachukua kaboni na kutoka nayo kama monoksaidi ya kaboni, kwa hiyo hesabu yako inavurugika upande wa pili.

Weka gramu 10 za boroni ndani ya mililita 200 za maji safi, joto la nyuzi 80, koroga saa moja. Chuja. Sasa chukua tone moja la maji yaliyochujwa, liweke juu ya kioo safi, likaukie juani. Kwa kiangazi cha Dodoma ni dakika chache tu. Likiacha magamba meupe yanayong'aa, hiyo ni asidi ya boriki na kazi bado ipo. Rudia kwa maji mapya. Kwa kawaida mara ya tatu kioo kinabaki kitupu. Suuza kwa ethanoli, kausha kwenye ombwe nyuzi 100 usiku mzima, na funga chupa ikiwa bado ya vuguvugu.

Kuna wanaotumia methanoli badala ya maji, kwa sababu inageuza oksaidi kuwa kimiminika chepesi kinachochemka karibu nyuzi 68 na kuondoka chenyewe. Inafanya kazi vizuri. Lakini mvuke wake unawaka, mwali wake ni wa kijani, na methanoli yenyewe inapofusha na kuua. Kama huna kabati la kuvuta hewa, baki na maji. Na methanoli isikae kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano, hata ikiwa na lebo.

Vumbi la boroni nalo linashika moto. Vaa barakoa yenye kichujio, fanya kazi mbali na cheche. Kuanzia Julai upepo wa huku unaingiza vumbi jekundu kila mahali, na vumbi hilo ni silika na chuma. Funika mdomo wa kila chombo, hata unapogeuka kuchukua kijiko.

Hatua ya tatu: kuchanganya

Kabaidi ya boroni ni ngumu kuliko mipira yoyote utakayoitumia, kwa hiyo swali si kama mipira italika bali itaacha nini ndani ya unga. Mipira ya chuma inaacha chuma, ambacho kinatoka ukiloweka unga kwenye asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa na kusuuza. Ya tangsteni kabaidi inaacha tangsteni isiyotoka kwa asidi hiyo, pamoja na kaboni, na kaboni hiyo inaingia kwenye hesabu. Chagua chuma na asidi, au punguza nguvu: saa 4 ndani ya ethanoli kwa mwendo mdogo zinatosha, kwa kuwa unataka kuchanganya tu, si kusaga. Kausha huku ukikoroga. Ukiacha mchanganyiko utulie, punje nzito na nyepesi zinatengana.

Hatua ya nne: kuchoma

Kalibu la kipenyo cha milimita 20 linafaa kuanzia. Kwa kidonge cha unene wa milimita 3 unahitaji gramu 2.35 za unga. Ongeza kidogo kwa ajili ya kusugua, gramu 3.2 ni sawa. MPa 50 kwenye kipenyo hicho ni nguvu ya kN 15.7, na MPa 10 ni kN 3.1. Andika namba hizi kwenye karatasi na uibandike kwenye mashine, kwa sababu kukosea nusu kipenyo na kipenyo kumevunja makalibu mengi.

Zungushia ukuta wa kalibu karatasi ya grafiti ya milimita 0.2. Kwenye nyuso mbili za juu na chini, karatasi ipakwe nitraidi ya boroni upande unaotazama unga. Ukuta wa pembeni uache bila kupakwa. Nitraidi ya boroni inazuia kaboni lakini pia inazuia umeme. Ukipaka kila mahali mkondo unakosa njia, mashine inaongeza volti, na kalibu linapata moto upande mmoja. Pembeni kaboni itaingia, hilo halikwepeki, na ndiyo maana baadaye utakata vipande kutoka katikati.

Mpangilio wa joto uwe hivi. Vuta ombwe mpaka chini ya 10 Pa. Kwa mkandamizo wa MPa 10 tu, panda nyuzi 100 kwa dakika mpaka 1,300, kisha simama hapo dakika 10. Kisimamo hiki ndicho watu wanachokiruka ili kuokoa muda, na ndicho chenye thamani kuliko vyote. Oksaidi iliyobaki inageuka mvuke wakati matundu bado yako wazi. Tazama mita ya ombwe, utaiona ikipanda ghafla kisha ikirudi. Usiendelee mpaka irudi. Ukikandamiza mapema mvuke unafungiwa ndani, na kidonge kitatoka kimevimba au kina ufa wa mlalo kama mkate uliokatwa.

Ombwe likirudi, pandisha mkandamizo polepole mpaka MPa 50, na joto mpaka 1,800. Angalia mstari wa mshuko wa pistoni. Utashuka kwa kasi, utapunguza, kisha utalala. Ukilala dakika 5, mwisho. Joto likiendelea zaidi punje zinakua bila faida, na kwa kauri hii unataka punje ndogo na kasoro nyingi ndani ya fuwele, kwa kuwa mipaka ya punje na kasoro hizo ndizo zinazopunguza mwendo wa joto. Kumbuka pairomita, kipimajoto kinachosoma mng'ao bila kugusa, inatazama nje ya kalibu. Ndani ya kidonge kunaweza kuwa na nyuzi 50 hadi 150 zaidi. Namba 1,800 ni ya mashine fulani, mstari wa pistoni ni wa unga wako. Fuata mstari.

Achia mkandamizo mara tu unapoanza kupoza. Ukiuacha mpaka chumba kipoe, grafiti na kauri vinasinyaa tofauti na kidonge kinapasuka. Pampu inapotoa, monoksaidi ya kaboni inatoka nayo: bomba la pampu liende nje ya jengo, si kwenye korido.

Titani boraidi, kwa kiasi

Kama upitishaji umeme bado uko chini, unaweza kuongeza titani boraidi, TiB2. Ni boraidi inayopitisha umeme kama metali. Anza na asilimia 3 ya ujazo, ambayo ni gramu 0.53 katika gramu 10 za mchanganyiko. Ikibaki visiwa vilivyotawanyika, inasaidia. Visiwa vikigusana na kufanya mnyororo, umeme unapita humo bila kupitia kauri, volti ya Seebeck inaanguka, na joto nalo linapita haraka. Ndiyo maana kuongeza hadi asilimia 20 kwa kutamani upitishaji umeme kunarudisha ZT nyuma. Kwanza pata kidonge kizuri kisicho na TiB2. Ukianza na vyote viwili hutajua kipi kimefanya nini.

Hatua ya tano: kusugua, kukata, kuhakiki

Ondoa milimita 0.5 kila uso kwa diski ya almasi. Msasa wa kawaida hautaigusa. Pima uzito mkavu, kisha ndani ya maji, na upate msongamano. Kwa B6.5C kamili ni kama gramu 2.49 kwa sentimita ya ujazo, ukipata 2.37 au zaidi uko juu ya asilimia 95 na inatosha. Chini ya asilimia 90 usiendelee kupima umeme, utakuwa unapima matundu.

Maabara yoyote yenye mashine ya miale ya X ya kuchambulia fuwele za mawe (XRD) inaweza kukuhakikishia kaboni. Kwa miale ya shaba, kilele kikubwa cha kabaidi ya boroni kiko karibu na pembe ya digrii 37.8 (2θ), na kingine karibu na 35. Tafuta kwenye 26.5: kikionekana kilele hapo, ni grafiti, na hesabu au karatasi imekusaliti. Karibu na 28 ni asidi ya boriki, yaani unga ulinyonya unyevu. Upana wa chumba kimoja cha fuwele, yaani umbo dogo linalojirudia, nao unaongezeka kaboni inapopungua, kutoka karibu nm 0.560 kwa B4C hadi 0.565 upande wenye boroni nyingi zaidi. Kama wako haujasogea hata kidogo kutoka 0.560, boroni uliyoongeza haikuingia.

Katikati ya kidonge kata kipande cha milimita 3 × 3 × 10.

Hatua ya sita: kupima bila mashine ya gharama

Kipimo cha kwanza kinafanyika mezani. Bana kipande kati ya vipande viwili vya shaba, kimoja kimegusishwa pasi ya kuchomelea risasi. Weka themokapo (waya za kupimia joto) aina ya K kila upande, na waya wa shaba kila upande kwa ajili ya volti. Pasha mpaka tofauti iwe nyuzi 10, zima, kisha soma volti na tofauti ya joto kila inaposhuka nyuzi 1. Chora pointi hizo. Mteremko wake ndio S. Usitumie pointi moja, kwa sababu viungo vya waya vina volti yao ndogo ambayo mteremko unaifuta. Multimita ya kawaida inayosoma mV 0.1 haitoshi: kwa S ya 200 µV/K na nyuzi 5, volti yote ni mV 1. Tafuta inayosoma µV 10 au chini yake. Upande wa moto ukiwa hasi, kauri yako ni ya aina chanya, kama inavyotakiwa.

Ukinzani pima kwa waya nne: mkondo wa mA 100 kwenye ncha mbili, volti kati ya pointi mbili za ndani zenye umbali wa milimita 6. Geuza mwelekeo wa mkondo na uchukue wastani, la sivyo volti ya joto itachanganyika na ya ukinzani.

Namba mbili hizi zikisomwa pamoja zinakuambia kosa lilipo. S ndogo na ukinzani mdogo: kuna grafiti au metali iliyounganika, rudi kwenye hesabu au kwenye mipira ya kinu. S nzuri na ukinzani mkubwa mno: matundu au oksaidi kwenye mipaka ya punje, rudi kwenye kuosha na kwenye kisimamo cha 1,300. S inayobadilika unapogeuza kipande: kaboni imeingia upande mmoja, umekata karibu na ukingo.

Ukifika kwenye vipimo vya joto la juu, platini isiiguse kauri hii. Boroni na platini zikikutana zinayeyuka pamoja karibu nyuzi 800, na themokapo ya thamani inakatika ndani ya mashine. Weka kipande chembamba cha karatasi ya grafiti katikati. Pima ndani ya argoni au heli, kwa kuwa hewani kabaidi ya boroni inaanza kuungua juu ya nyuzi 600. Kwa sababu hiyo hiyo usidhani unaweza kuibandika uchi kwenye tanuri la matofali. Panda mpaka 900, shuka, panda tena. Mzunguko wa pili ukitofautiana na wa kwanza, kauri ilikuwa bado haijatulia, na namba za kuandika ni za mzunguko wa tatu.